Usimsingizie Mungu Kazi Uliyoinunua



Leo neno langu si la watu wa nje. Sisemi na wanasiasa, wala na askari wa barabarani, wala na karani wa ofisi ya serikali. Hao tumewahubiri vya kutosha. Leo nasema na wewe uliyeokoka, unayefunga na kuomba, unayenena kwa lugha, na ambaye Jumapili moja utapewa maiki utoe ushuhuda. Soma mpaka mwisho kabla hujakasirika. Ukifika mwisho na bado umekasirika, nitafute tuongee.

Unaujua ushuhuda huu, umeusikia mara nyingi. Mtu anasimama mbele, macho yana machozi. Anasema amezunguka na bahasha ya vyeti miaka minne. Amekataliwa kila mahali. Akaingia katika maombi ya kufunga siku 21, akapanda mbegu, akashika neno la kinabii. Halafu Bwana akafungua mlango ambao hakuna mwanadamu anayeweza kuufunga. Barua ya kazi imetoka! Kanisa linalipuka kwa vigelegele, kinanda kinapigwa, akina mama wanapepea vitambaa. Shemasi anapita na bahasha ya shukrani.

Kuna sehemu moja ambayo haikusemwa. Kati ya siku ya 21 na siku ya barua, kulikuwa na mtu anayeitwa "mkubwa," na kati yake na mkubwa kulikuwa na broka. Kulikuwa na ng'ombe wawili waliouzwa kule nyumbani, na mkopo wa chama ambao mama alichukua kwa jina lake. Kulikuwa na pesa iliyotumwa kwa nambari ya simu ya mtu mwingine kabisa, ili isijulikane. Hiyo sehemu iliachwa nje ya madhabahu. Iliyoletwa ndani ni Haleluya peke yake.

Mpendwa, hapo mlango haukufunguliwa na Mungu. Ulifunguliwa na pesa. Na ukisimama mbele ya watu wa Mungu ukasema Bwana ndiye aliyetenda, umemtaja Mungu kama mshirika katika hongo. Amri ya tatu katika Kutoka 20:7 inakataza kulitaja jina la Bwana bure. Tumezoea kufundisha kwamba hiyo ni kuhusu viapo na maneno ya mzaha. Lakini ni nani anayelitaja jina hilo bure zaidi kuliko mtu anayelibandika juu ya kitu alichokinunua gizani?

Kiti kilikuwa cha nani?

Watu wengi wakisikia neno hongo wanafikiria pesa imetoka mfuko huu ikaingia mfuko ule, yameisha. Wanasema, "Mchungaji, pesa ilikuwa yangu, nimempa mtu kwa hiari, nani ameumia?"

Nitakuambia aliyeumia. Nafasi za kazi huwa na idadi. Zikiwa ni 10 na wewe umenunua moja, zimebaki 9. Kuna mtu ambaye alistahili ile ya kumi. Alifanya mtihani akapita. Alikimbia mbio akamaliza mbele. Alikuwa na vyeti halali. Jina lake lilikuwa kwenye orodha jioni, na asubuhi halikuwepo, kwa sababu usiku wewe "uliongea vizuri." Wewe humjui, lakini Mungu anamjua kwa jina. Na inawezekana kabisa kwamba Jumapili ile ulipokuwa ukitoa ushuhuda, alikuwa ameketi safu ya tatu kutoka nyuma, akipiga makofi pamoja na wengine, na moyoni akijiuliza, "Mbona Mungu wa huyu anajibu na wangu hajibu?"

Umeona ulichomfanyia? Umemwibia kazi, na sasa unamwibia na imani. Anarudi nyumbani akidhani hakufunga vya kutosha, hakupanda mbegu ya kutosha, labda ana laana ya ukoo. Ataingia mkesha mwingine kuvunja laana ambayo haipo. Laana yake ni wewe.

Hili si jambo la kufikirika. Wengine wetu tunakumbuka mwaka wa 2014. Mwezi wa Julai, serikali iliwasajili vijana 10,000 kujiunga na polisi. Siku moja, nchi nzima, vijana walijitokeza viwanjani wakapimwa urefu, wakakaguliwa meno, wakakimbia. Malalamiko ya hongo na upendeleo yakazidi, na Mamlaka Huru ya Kusimamia Utendakazi wa Polisi, IPOA, ikaenda mahakamani. Tarehe 31 Oktoba mwaka huohuo, Mahakama Kuu ikaufuta usajili wote. Mwaka wa 2015 kazi ikaanza upya.

Sasa fikiria. Katika vijana wale 10,000, wako waliofika pale kwa miguu yao, bila kumpa mtu hata shilingi. Nao wakafutwa pamoja na walionunua. Ni wazazi wangapi walikuwa wameshatoa sadaka ya shukrani kanisani kwa ajili ya barua zile? Na mahakama ilipofuta, tuseme Mungu alibadilisha nia? Alifungua mlango Julai akaufunga Oktoba? Unaona aibu tunayomletea Bwana tunapoandika jina lake kwenye shughuli ambayo hata hakimu wa kidunia ameikataa?

Mithali 11:1 inasema juu ya mizani ya udanganyifu kwamba ni chukizo kwa Bwana. Tumeihubiri kwa watu wa sokoni, wanaobonyeza debe la mahindi na kuongezea gunia la viazi kichwa. Lakini kuna mizani kwenye meza ya kuajiri pia. Upande mmoja kuna bidii ya mtoto wa mjane, upande mwingine kuna bahasha yako. Umebonyeza mizani, kisha umeenda kanisani kuimba.

Paulo na pesa ya Feliki

"Mchungaji, hujui hali ilivyo huko nje. Bila kitu kidogo hakuna kitu. Mkono mtupu haulambwi. Penye udhia, penyeza rupia."

Methali hizo nazijua, nimekua nazo. Lakini si kila methali imeokoka. Hebu tufungue Matendo ya Mitume sura ya 24.

Paulo yuko kizuizini Kaisaria. Hana hatia, na liwali Feliki anajua hana hatia. Mstari wa 26 unasema wazi ni kwa nini hakumwachilia: alikuwa anatarajia Paulo atampa pesa. Ndiyo sababu alikuwa anamwita mara kwa mara kuzungumza naye. Unaitambua hali hiyo? Faili liko mezani, halina shida yoyote, lakini kila ukienda unaambiwa rudi wiki ijayo. Afisa anakuchekea, anakuuliza habari za nyumbani, anangoja uelewe.

Na usidhani Paulo hakuwa na njia. Katika mstari wa 17 alikuwa amemaliza kumweleza Feliki kwamba alikuja Yerusalemu kuleta sadaka kwa watu wake. Feliki alisikia habari ya sadaka, na masikio yakasimama. Mstari wa 23 unaonyesha rafiki za Paulo waliruhusiwa kumhudumia. Mji ule wa Kaisaria ulikuwa na waumini. Filipo mwinjilisti alikuwa na nyumba pale, sura ya 21 inasema. Harambee moja tu ingetosha. Wangepitisha kikapu Jumapili moja, Feliki apewe chai yake, na mtume arudi kwenye huduma. Na angekuwa na sababu nzuri kuliko yako! Angesema, "Injili inanihitaji. Makanisa yananingoja. Hii si hongo, ni kununua wakati kwa ajili ya ufalme."

Hakutoa. Mstari wa 27 unasema ilipita miaka miwili. Miaka miwili, mpendwa! Si wiki mbili. Feliki akaondoka, akaja Festo, na Paulo bado amefungwa.

Sasa niambie. Paulo alikosa imani? Alikosa kibali? Hakujua kupanda mbegu? Kama kipimo chako cha baraka ni mlango kufunguka haraka, basi Paulo hakubarikiwa. Lakini mlango ambao Mungu alimfungulia ulikuwa wa kwenda mpaka Rumi, kusimama mbele ya Kaisari, na hakuna mtu hata mmoja njiani aliyeweza kumwambia, "Wewe nyamaza, nilikula chai yako."

Hiyo ndiyo faida ya mikono safi ambayo watu hawaihesabu. Samweli alipokuwa mzee, katika 1 Samweli 12:3, alisimama mbele ya Israeli yote akawauliza ni ng'ombe wa nani aliyemchukua, ni nani aliyemdhulumu, ni mkononi mwa nani alipokea rushwa. Taifa zima likakosa mtu wa kumjibu. Je, wewe unaweza kuuliza swali hilo pale kazini kwako? Unaweza kuliuliza mbele ya yule broka?

Pesa hiyo italipwa na nani?

Hebu tuifuate hiyo pesa tuone inakoelekea, kwa sababu dhambi haikai mahali pamoja.

Tuseme kijana ametoa laki tatu ili aingie kazini. Hana laki tatu. Amekopa. Mama ameuza ng'ombe, mjomba ameuza kipande cha shamba, chama kinataka pesa yake na riba. Siku ya kwanza ya kazi, kijana huyu tayari ni mtumwa wa deni. Mshahara wake wa kwanza una wenyewe. Sasa amewekwa mahali penye nafasi ya kula. Ni barabarani, au kwenye kaunta ya hospitali, au kwenye ofisi ya ardhi. Atafanya nini?

Atairudisha pesa yake. Na ataitoa wapi? Kwa dereva wa matatu, ambaye ataongeza nauli. Kwa mwenye boda boda, ambaye siku hiyo watoto wake watalala na uji. Kwa mama mzee anayefuata hati ya shamba la marehemu mumewe. Na huyo mama mzee anaweza kuwa ni mama yako, katika ofisi nyingine, mbele ya mtoto wa mtu mwingine ambaye naye alinunua kiti. Mla cha mwenzake, na chake huliwa.

Yohana Mbatizaji alipoulizwa na askari wafanye nini, katika Luka 3:14, hakuwaambia waache kazi wakahubiri. Aliwaambia wasimdhulumu mtu, wasimsingizie mtu, watosheke na mshahara wao. Lakini askari aliyeingia kwa deni la laki tatu atatoshekaje na mshahara? Ulipomnunulia mtoto wako kiti, ulimnunulia na jaribu ambalo hawezi kulishinda. Halafu unatuomba tumwombee asiharibike.

Na wewe uliyetumia cheti bandia, usijifiche nyuma ya huyu wa hongo. Februari 2024, Tume ya Utumishi wa Umma ilisema imebaini vyeti bandia zaidi ya 2,000 miongoni mwa watumishi wa umma waliokaguliwa. Zaidi ya 2,000! Katika sensa ya 2019, kati ya kila Wakenya 100, zaidi ya 85 walisema ni Wakristo. Piga hesabu mwenyewe. Hao hawakutoka mwezini. Wana viti makanisani, wengine wana sare za kwaya.

Ndiyo sababu sikubali tukilalamika kwamba "nchi imeoza" kana kwamba sisi ni wageni hapa. Ripoti ya Transparency International ya mwaka wa 2024 iliipa Kenya alama 32 kwa 100, nafasi ya 121 kati ya nchi 180. Nchi iliyojaa mikesha, mikutano ya injili na redio za kikristo mji kwa mji, na tumepata 32. Mwanafunzi akileta 32 nyumbani, hatusemi kwamba darasa lilikuwa na majini. Tunamwambia akae chini tukague madaftari yake.

"Lakini Mchungaji..."

Najua utakachosema. Wacha niyajibu moja kwa moja.

"Ilikuwa asante tu, sio hongo." Asante hutolewa baada ya kazi, mchana, mbele za watu, na mtu anaweza kuikosa bila wewe kukosa haki yako. Kama usingeitoa ungekosa kazi, hiyo si asante. Kama broka alitaja kiasi, hiyo si asante. Bei ndiyo hutajwa.

"Mungu hutumia watu." Ni kweli. Alimtumia Kornelio, akamtumia Obadia, akamtumia mtoto mwenye mikate mitano. Hao wote hawakudai kitu kidogo. Mtu akikuelekeza mahali nafasi ilipotangazwa, akakuandikia barua ya kweli ya kukupendekeza, huyo ni mtu ambaye Mungu anaweza kumtumia. Akikuuzia nafasi, huyo ni mwizi anayeuza mali ya umma. Usichanganye.

"Watoto watakula nini?" Hili ndilo gumu, na sitalijibu kwa mzaha. Nimekaa na wazazi ambao jiko halijawashwa siku mbili. Njaa ni kali. Lakini angalia vizuri: mtu aliyepata laki tatu za kuhonga hakukosa laki tatu za kuanzia. Ng'ombe wawili ni mtaji. Kipande cha shamba ni mtaji. Uliziondoa mikononi mwa watoto ukampa mtu mwenye tumbo kubwa na gari. Usiseme ulifanya hivyo kwa ajili ya watoto.

"Wote wanafanya." Basi wote watasimama mbele ya Mungu. Foleni ndefu haibadilishi mahali inapoelekea.

"Anayepokea ndiye mwenye makosa." Hata sheria ya nchi haisemi hivyo. Sheria ya Hongo ya mwaka wa 2016 inamshika anayetoa na anayepokea. Kifungo kinaweza kufika miaka 10, au faini ya hadi shilingi milioni 5, au vyote pamoja. Na Kutoka 23:8 inasema kwamba rushwa huwapofusha hata wenye kuona. Mtoaji ndiye aliyeleta hicho kipofushi.

Lakini nitenganishe jambo moja, nisije nikamwumiza asiyehusika. Kuna kununua na kuna kunyang'anywa. Mama amembeba mtoto anayetetemeka kwa homa, ana haki ya kuhudumiwa, na mlinzi langoni anataka "pesa ya soda" ndipo afungue. Akitoa shilingi mia ili mtoto asife, huyo amenyang'anywa. Mzigo mkubwa uko kwa yule aliyemtoza mtoto mgonjwa. Mama huyo sitamsimamisha mbele ya kanisa, nitamfuta machozi na kumsaidia kupeleka malalamiko. Lakini wewe uliyekwenda kutafuta broka, ukapatana bei, ukanunua haki ya mwenzako, usijifunike kwa leso ya mama huyo. Yeye alilipia kilichokuwa chake. Wewe ulilipia cha mwingine.

Wachungaji wenzangu

Sasa nigeukie upande wetu wa madhabahu, kwa sababu samaki huanza kuoza kichwani.

Katika Mathayo 27:6, Yuda aliporudisha vile vipande 30 vya fedha, makuhani wakuu walikataa kuviweka katika sanduku la hekalu kwa kuwa ni bei ya damu. Fikiria! Watu waliomnunua Mwana wa Mungu bado walikuwa na haya ya kutoingiza pesa ile katika hazina. Sisi tuna haya hiyo? Mtu ambaye mwaka jana alikuwa hana nauli anakuja na bahasha nene ya shukrani, na hakuna anayemwuliza, "Mwanangu, hii imetoka wapi?" Tunamwita "mshirika wa ufalme," tunamhamishia kiti cha mbele.

Ukigeuza ukurasa, sura ya 28 mstari wa 12, makuhani walewale wanawapa askari fedha nyingi ili waseme uongo kuhusu ufufuo. Tafakari hilo. Silaha ya kwanza iliyotumiwa kuuzima ujumbe wa kaburi tupu ilikuwa hongo. Kwa hiyo mtu asiniambie kwamba hili ni jambo dogo la kijamii, na kwamba kazi ya mchungaji ni kuombea wagonjwa tu. Hongo na injili zimekuwa maadui tangu asubuhi ya Pasaka.

Tuwe wakweli pia pale wengine wanapotupita. Novemba 2024, Jimbo Kuu Katoliki la Nairobi lilitangaza kurudisha mchango wa mamilioni uliotolewa na viongozi wa kisiasa katika parokia yake moja. Unaweza kubishana nao kuhusu mafundisho mengi, mimi pia nina maswali yangu. Lakini siku ile wengi wetu tuliojazwa Roho tulitazama kwenye simu zetu tukanyamaza kimya. Elisha alikataa zawadi ya Naamani, na ilikuwa ya halali kabisa. Gehazi akaikimbilia, akarudi na fedha na ukoma. Soma 2 Wafalme 5 kabla ya ibada ijayo ya uzinduzi wa jengo.

Ushuhuda wa kazi usipoulizwa swali, unakuwa tangazo la biashara ya broka. Vijana wako wanaokaa pale wanajifunza. Hawajifunzi maombi. Wanajifunza kwamba mtu anaweza kununua, akashuhudia, na akapigiwa makofi.

Basi tufanye nini?

Kwa wewe ambaye umeshanunua na sasa uko kazini. Sina jibu la rahisi la kukupa, na anayekupa jibu rahisi anakudanganya. Kama cheti chako ni bandia, toka. Hakuna maombi ya kutakasa cheti bandia, na mgonjwa anayekutegemea au jengo unalolisimamia haliwezi kungoja ukue kiroho. Kama vyeti ni halali lakini ulihonga, anza na ukweli. Mwambie mwenzi wako kama hajui. Mwambie mchungaji wako faraghani, na mtafute pia mtu wa sheria akueleze unaposimama. Usirudishe pesa ile kutoka kwa wananchi, hata shilingi moja. Zakayo katika Luka 19:8 hakusema "nimetubu, yaliyopita yamepita." Alitaja nusu ya mali, akataja kurudisha mara nne. Toba yake ilikuwa na tarakimu. Toba yako inaweza kukugharimu kazi. Siwezi kukuahidi kwamba haitakugharimu.

Kwa wewe unayeombwa sasa hivi, ambaye simu ya broka inasubiri jibu. Usilipe. Usimwambie "nitaona." Mwambie hapana leo, kwa sababu "nitaona" huwa ndiyo baada ya siku tatu. Hifadhi ujumbe alioutuma. Ripoti kwa Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi, EACC. Wana njia ya kupokea taarifa bila wewe kutaja jina. Na kabla ya yote, mwambie mtu mmoja wa ushirika wako wa nyumbani, ili usiwe peke yako usiku ule ambao watu wa nyumbani watakuita mjinga. Kwa maana watakuita.

Na kwa kanisa. Hatuwezi kumwambia kijana akatae hongo halafu tumwache na njaa. Huo ni unafiki wa aina nyingine. Kwa hiyo tumekaa na wazee na tumekubaliana mambo matatu.

La kwanza, hakuna ushuhuda wa kazi utakaotolewa kwenye maiki kabla hatujaketi na mwenye ushuhuda na kumwuliza, kwa upendo, jinsi nafasi ilivyopatikana. Kama una la kuficha, tutakuombea faraghani, na bahasha yako ya shukrani utaondoka nayo.

La pili, sehemu ya sadaka ya kila Jumapili ya mwisho wa mwezi itawekwa kando kwa ajili ya walionyimwa kazi kwa kukataa kulipa. Itanunua unga, italipa nauli ya usaili mwingine, itamwongezea mtu mtaji wa kibanda cha mboga. Haitakuwa nyingi. Lakini asiambiwe tena mtu katika kanisa hili kwamba uadilifu ni wa wenye uwezo.

La tatu, tutabadilisha zamu ya ushuhuda. Wa kwanza kupewa maiki atakuwa yule aliyekataa na akakosa. Asimame aseme, "Niliitishwa pesa, nilikataa, na bado sina kazi." Nasi tutapiga vigelegele. Kinanda kipigwe, vitambaa vipeperushwe! Kwa sababu huyo ndiye aliyefanana na Paulo pale Kaisaria mwaka wa kwanza, kabla hata mtu yeyote hajajua kama kungekuwa na mwaka wa pili.

Wengine mtasema kanisa litapungua. Linaweza kupungua. Sadaka nazo zitapungua, nimepiga hesabu na mweka hazina. Tutakaa na kile kitakachobaki.

Usiandike "Amina" hapa chini kama kuna pesa unayojiandaa kutuma kesho asubuhi. Wacha kwanza. Funga simu, piga magoti, zungumza na Mungu juu ya hiyo pesa kwa kiasi chake na kwa jina la unayempelekea. Ukimaliza, ndipo urudi uandike.

Tuombe.

Baba, katika jina la Yesu, tusamehe kwa kila mara tulipoliweka jina lako juu ya kazi ya mikono michafu. Mkumbuke yule aliyeketi safu ya nyuma akidhani umemsahau, kumbe sisi ndio tuliochukua sehemu yake. Mpe mkate wa leo. Wape nguvu wanaosema hapana usiku huu, na wenzao wasiwaache peke yao. Waliokwisha kununua, wape ujasiri wa kusema kweli kabla ukweli haujawafuata. Na sisi tunaosimama madhabahuni, utuondolee tamaa ya bahasha nene. Kwa jina la Yesu aliyeuzwa kwa vipande 30, na ambaye hakununua njia ya kuushuka msalaba. Amina.

Tuonane Jumapili, saa tatu kamili asubuhi. Njoo na jirani yako.